Jina kwenye kioo cha simu si ushahidi



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, yapo maradhi yameingia majumbani mwetu hapa Uganda na wengi tumeyanyamazia. Namba ngeni ikipiga, mtu haulizi tena, "Nani mwenzangu?" Anaiingiza kwenye programu ya kutafuta wenye namba, anasoma jina linalojitokeza, kisha anatoa hukumu. Sisi walimu wa madrasa huletewa matokeo yake: mume kamrudisha mke kwao, mama hasemi na binti yake, majirani wamekatana. Tukiuliza ushahidi uko wapi, tunaoneshwa kioo cha simu. Tunasema wazi kwamba huo si ushahidi, na tabia hii haifai katika nyumba ya Muislamu.

Kwanza tujue jina hilo linatoka wapi. Usajili wa laini hapa nchini ulianza Machi 2012, na orodha ya usajili iko kwa kampuni za simu. Programu hizi hazisomi orodha hiyo. Truecaller, iliyoanzishwa Stockholm, Sweden, mwaka 2009, na wenzake kama Getcontact, hutegemea zaidi wanayoyaleta watumiaji. Mtu hujiandika jina alitakalo, wengine hupendekeza jina la namba fulani, na zipo programu zinazobeba daftari zima la namba lililomo ndani ya simu yako. Getcontact huonesha hata majina ambayo watu wamekuhifadhi nayo. Basi fundi bomba mmoja, kwa huyu ni "Fundi", kwa yule ni "Mjomba", na kwa mkewe ni "Mpenzi". Ukikutana na hilo la mwisho kwenye simu ya mkeo aliyemwita fundi kuja kutengeneza bomba, utasema nini? Na namba zilizoachwa hugawiwa watu wapya, hivyo jina unalolisoma laweza kuwa la mtu aliyeiacha laini hiyo zamani.

Wapo wanaojidai wajanja zaidi. Wanaanza kutuma pesa kwa simu ili waone jina la mpokeaji, kisha wanakatisha. Hilo kweli ni jina la usajili, lakini ni la aliyesajili laini. Ni wangapi kati yetu wanaotumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha kaka au shangazi?

Pili, tuitazame dini yetu. Katika Surat Al-Hujurat, aya ya 6 inatuamrisha kuichunguza habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, na aya ya 12 inatukataza dhana mbaya, upelelezi na kusengenyana. Katika Surat An-Nur, aya ya 4, anayemtuhumu mwanamke mwenye kujihifadhi na zinaa bila kuleta mashahidi wanne hupigwa mijeledi 80 na ushahidi wake haukubaliwi. Je, programu ya simu ni shahidi wa ngapi kati ya hao wanne?

Tatu, kuna suala la amana. Daftari la namba zako si lako peke yako. Mna humo namba ya mjane aliyekuja kukuomba msaada, ya dada aliyekimbia mume mpigaji, na za wazazi wa watoto wetu wa madrasa. Walikupa wewe, hawakukupa uwagawie watu wasiowajua. Unapobofya "Nakubali" bila kusoma, unatoa kisichokuwa chako. Hatari hii si ya kufikirika. Julai 2013 Truecaller wenyewe walikiri kuwa tovuti yao ilivamiwa. Septemba 2019 serikali ya Nigeria ilitangaza kuichunguza kampuni hiyo, ikieleza kuwa masharti yake kwa watu wa Ulaya ni tofauti na yale ya Wanigeria. Hapa kwetu ipo Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya mwaka 2019, yenye msingi wa kwamba habari za mtu zikusanywe kwa ridhaa yake. Itakuwaje sheria ya nchi iidai ridhaa, na sisi watu wa amana tuidharau?

Ama hoja ya kwamba matapeli wamezidi, hiyo ni kweli na hatuipuuzi. Wamewaliza wazee wetu kwa pesa "zilizotumwa kimakosa" na kwa habari za uongo za mgonjwa. Hatusemi pia kuwa ni haramu kuzuia namba inayokusumbua. Kumjua anayebisha ni haki ya mwenye nyumba. Katika Bukhari na Muslim imo habari ya Jabir (r.a.) aliyebisha kwa Mtume (s.a.w.), akaulizwa ni nani, akajibu kuwa ni yeye, na Mtume akachukizwa na jibu hilo lisilo na jina. Mafunzo ni mawili: mwenye nyumba aulize, na anayebisha ajitaje. Basi namba ngeni ikipiga, uliza. Asiyejitaja, kata simu. Anayetaja jina la ndugu yako, mpigie ndugu huyo kwa namba unayoijua tangu zamani. Usitume pesa wala usitaje namba ya siri. Tapeli akizidi, ripoti kwa kampuni ya simu na polisi, ambao wana njia ya kisheria ya kuupata usajili. Haya yanamzuia tapeli kuliko jina la programu, kwani tapeli naye aweza kujiandika "Benki" au "Sheikh".

Tunawanasihi akina baba na akina mama: ondoeni programu zinazobeba namba za watu. Anayetaka namba yake itolewe Truecaller, kampuni hiyo ina ukurasa wa kuomba hivyo. Mwenye akaunti aifunge kwanza. Na mwenye shaka na mwenziwe amuulize ana kwa ana, na wakishindwana waite wazee wa pande mbili. Ndoa iliyofungwa mbele ya mashahidi isivunjwe kwa jina lililoandikwa na mtu asiyejulikana.

Allah azihifadhi nyumba zetu na ndimi zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.