Jina Lililokuja Baada ya Muziki

Katika desturi zetu mtoto huzaliwa kwanza, jina likafuata. Aliyezaliwa wakati wa dhiki huitwa Tabu au Mashaka, wala hakuna aulizaye kama mtoto huyo, alipokuwa tumboni, alizijua habari za dhiki hiyo. Lakini uko muziki mmoja wa Ulaya ambao umeshitakiwa miaka mingi kwa jambo hilo hilo.

Mwaka 1960 Krzysztof Penderecki, mtunzi wa Poland aliyekuwa hajatimiza miaka thelathini, alitunga muziki wa ala za nyuzi 52: fidla 24, viola 10, selo 10 na dabalbesi 8. Mpenzi wa taarabu anaijua fidla kuwa ni ala ya kuliwaza. Hapa hailiwazi. Wapigaji huanza kwa sauti ya juu kabisa ambayo kila ala yaiweza, zikalia pamoja kama king'ora. Mara wanagonga ubao wa ala kwa vidole. Mara wanapitisha uta mahali pasipopaswa, nyuma ya kile kigingi kinachoinua nyuzi. Mdundo wa kufuatisha kwa mguu haupo; vipande vimepimwa kwa sekunde.

Jina la kwanza lilikuwa hesabu tupu: dakika 8 na sekunde 37. Mtunzi alipousikia ukipigwa, alishitushwa na uchungu uliokuwamo. Ndipo akautoa kuwa maombolezo ya wahanga wa Hiroshima, mji wa Japani ulioangushiwa bomu la atomiki tarehe 6 Agosti, 1945, ambako watu wanaokadiriwa kufikia 140,000 walikuwa wamekufa kabla ya mwaka ule kwisha. Mwaka 1961 utungo huo ulitunukiwa mjini Paris, katika jukwaa la watunzi la UNESCO, ukaenea duniani.

Wahakiki wakagawanyika. Wako waliouita kilio kikuu cha zama zetu, na wako waliosikia kelele tu. Lakini shutuma iliyo nzito ni ya wale wanaoona kwamba wafu wa Hiroshima wamefanywa chapa ya kuuzia bidhaa. Je, muziki ungebaki na jina la dakika na sekunde, nani angeujali?

Shutuma hiyo haifai kupuuzwa, kwani marehemu hana kinywa cha kukataa jina lake lisitumiwe. Hata hivyo, mimi naona kwamba jina halikuongeza hata sauti moja katika muziki ule. Lililoongezeka ni deni. Baba ampaye mtoto jina la babu aliyefariki huahidi kwamba babu hatasahauliwa. Penderecki alifariki mwaka 2020, lakini kila muziki wake huu upigwapo, Hiroshima hutajwa.

Usinisadiki mimi. Ukiupata, wasikilizishe wanao waliokwisha kupata akili, bila kuwatajia jina. Wasubiri mpaka mwisho, pale ala zote 52 zinapolia pamoja kwa sauti zilizobanana, kwanza kwa kishindo, kisha zikififia polepole hadi kimya. Waulize wameona nini moyoni. Wakisema wameona hofu na msiba, basi jina halikudanganya. Wasipoona kitu mpaka uitaje Hiroshima, hapo wahakiki wale watakuwa na haki ya kusikilizwa.