Kumjua Mtu Si Kuijua Damu Yake

Muhula uliopita ulipokaribia kufungwa, alinijia ofisini, katikati ya jiji la Nairobi, mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya upili. Alikuwa na karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono. "Mwalimu," alisema, "naomba unirekebishie lugha."

Yalikuwa mapatano. Yeye na mumewe, wakazi wa Kangemi, wamekaa katika ndoa miaka saba bila mtoto, na daktari amethibitisha kwamba mume hana mbegu za uzazi. Gharama walizotajiwa katika kliniki za Upper Hill na Westlands ziliwashinda. Hivyo binamu wa mume alikubali kuwapa mbegu zake, nao wangezitumia nyumbani kwa bomba la sindano, pasipo watu hao kukutana kimwili. Mapatano yalitaja siri, jina la mtoto, na ahadi ya shemeji kwamba hatadai ubaba. Lugha ilikuwa safi. Nilichokikosa ni sentensi moja tu: shemeji amepimwa nini, lini, na wapi?

"Mwalimu, huyu tunamjua," alinijibu.

Jibu hilo limenikaa moyoni, kwa kuwa kazi yangu ni maneno. Kitenzi "kujua" kinabeba mizigo miwili ambayo hatuna budi kuitenganisha. Kumjua mtu ni kujua ukoo wake, tabia yake na sauti yake akibisha hodi. Kujua hali ya damu yake ni jambo jingine kabisa, na hata yeye mwenyewe huenda halijui. Aidha, neno "kupimwa" nalo limepotoka. Tangu UKIMWI ulipotangazwa kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, ukimwambia mtu akapimwe, yeye husikia kwamba unamshuku. Sasa mke atamwambiaje shemeji yake, mtu wa heshima na utani, maneno kama hayo? Ndiposa watu hunyamaza.

Isidhaniwe kwamba jambo lenyewe ni la kigeni. Miongoni mwa Wanandi, mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume aliweza kumwoa mwanamke mwenzake, na watoto waliozaliwa kwa mwanamume aliyekubaliwa wakawa wa nyumba ile. Wakamba wanaye iweto. Mwaka 2011, katika kesi ya urithi, Mahakama Kuu mjini Mombasa iliitambua ndoa ya namna hiyo ya Kinandi. Mila hizi zilijua tangu zamani kwamba baba wa malezi na mwenye mbegu wanaweza kuwa watu wawili. Wazee walichunguza ukoo: je, mna wazimu? Mna kifafa? Huo ulikuwa upimaji wa zama zao, nao haukuhesabiwa kuwa tusi. Sisi tumeiacha desturi ya kuuliza, ilhali tuna vyombo vya kujibu ambavyo wao hawakuwa navyo.

Na yapo ya kuuliza. Mbegu za kiume zaweza kubeba virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, kaswende, kisonono na klamidia. Baadhi ya maradhi haya hukaa mwilini miaka bila dalili. Mwaka 1985 madaktari wa Australia waliripoti kwamba wanawake wanne kati ya wanane waliopewa mbegu za mwanamume mmoja mjini Sydney waliambukizwa virusi vya UKIMWI. Mwanamume huyo hakuwa akiumwa wala hakuna aliyemshuku.

Kipimo kimoja hakitoshi. Mtu akiambukizwa leo, kipimo cha kawaida chaweza kuchukua wiki kadhaa, hata miezi mitatu, kabla ya kuonyesha. Vipimo vinavyosaka virusi vyenyewe vimefupisha kipindi hicho, lakini havijakiondoa. Ndiyo sababu desturi ya kliniki ni kumpima mtoaji, kuzigandisha mbegu zake katika nitrojeni ya majimaji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, kungoja miezi sita, kisha kumpima tena. Baridi hiyo haiui virusi. Inachowapa watu ni muda, nao muda ndio unaofichua ukweli. Anayetumia mbegu mbichi nyumbani ameukosa muda huo.

Kuna pia maradhi ya urithi. Jeni ya selimundu imeenea katika maeneo yenye malaria, yakiwemo ya Ziwa Viktoria na Pwani. Mwenye jeni moja kwa kawaida haumwi. Lakini wawili wenye jeni hiyo wakizaa, kila mimba ina uwezekano mmoja kati ya minne wa kumleta mtoto mgonjwa. Kwa hiyo mama naye sharti apimwe.

Yupo atakayesema kwamba haya ni ya kusimamiwa na serikali. Kweli, watoto wa kwanza wa Kenya waliotungwa katika maabara walizaliwa Nairobi mwaka 2006 kwa juhudi za Dkt Joshua Noreh, na Bi Millie Odhiambo amewasilisha Bungeni zaidi ya mswada mmoja kuhusu uzazi wa kusaidiwa, ukiwemo wa mwaka 2022. Hata hivyo, sheria husimamia kliniki. Haiingii katika chumba cha kulala cha Kangemi. Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kwamba maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu, na mtoto huyu hana sahihi katika mapatano yale.

Nilimshauri aandike kifungu kipya, kinachoanza na "sisi sote watatu tutapimwa". Nafsi hiyo ya wingi ndiyo iliyomwokoa na aibu, kwani mtu hawezi kukasirikia shaka ambayo mwenyeji wake ameanza kujitwika. Shemeji alikubali bila kinyongo. Majibu ya maambukizi yalikuwa mema. Ya selimundu yalionyesha kwamba mama na shemeji wote wawili wana jeni ile. Mapatano yamesimama, nao sasa wanakwenda kwa mshauri wa hospitali wakiwa na huzuni, ila bila majuto ya kuchelewa.

Walimu wenzangu, tufundisheni neno "kupimwa" kwa maana yake halisi. Nanyi vijana wa vyuo, siku mtakapoombwa msaada huu na ndugu au rafiki, msisubiri kuulizwa. Anayetoa mbegu na atangulize cheti.