Mlo wa Mchana wa Mtoto Mdogo: Tumbo Kujaa si Mwili Kulishwa

Miono ni mahali pa kilimo. Iko katika Wilaya ya Bagamoyo, Mkoa wa Pwani, kwenye barabara itokayo Mandera kwenda Saadani. Ardhi yake, ikipata mvua za vuli na za masika, huotesha mahindi, mihogo, kunde, choroko, mbaazi, ufuta, viazi vitamu na maboga. Upande wa mashariki kuna bahari, itoayo samaki na dagaa. Upande wa kusini, ng'ambo ya Mto Wami, kuna Kiwangwa, panapojulikana kwa mananasi. Msimu wa maembe ukifika, matunda huoza chini ya miti kwa wingi wake.

Kwa nini basi chakula cha mchana cha mtoto mdogo, katika nchi yenye neema kama hii, aghalabu kiwe kikombe cha uji mwepesi wa mahindi, au kipande cha mhogo, au tonge la ugali lililochovywa katika mchuzi uliobaki? Jibu la haraka ni umaskini. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Jibu jingine, ambalo halisemwi mara nyingi, ni kwamba mtoto mdogo hudhaniwa kuwa ni mtu mzima aliyepunguzwa. Hudhaniwa kwamba akipewa chakula kile kile cha wakubwa, ila kwa kijiko kidogo zaidi, basi haki yake imetimizwa. Sayansi ya lishe haikubaliani na dhana hiyo, na ni wajibu wa shule kuifundisha jamii sababu zake.

Hesabu ya uji

Mtoto wa umri wa miaka 4 au 5 anahitaji kilokalori zipatazo 1,300 kwa siku. Hiyo ni zaidi ya nusu ya mahitaji ya watu wazima wengi, ijapokuwa uzito wake haufiki hata theluthi ya uzito wao. Sababu ni kwamba mwili wake unafanya kazi mbili kwa pamoja: unaishi na unajengwa. Lakini tumbo lake ni dogo. Hawezi kula mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, akajaza pengo lote kama awezavyo mkulima aliyetoka shambani.

Sasa na utazamwe uji mwepesi. Kikombe kimoja cha mililita 250, kilichopikwa kwa sehemu moja ya unga na sehemu tisa za maji, kina gramu 25 tu za unga. Gramu hizo hutoa kilokalori zipatazo 90, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya mahitaji ya siku. Mtoto hunywa kikombe hicho, tumbo likavimba, akaacha kulia, na mama akaridhika. Kumbe alichojazwa ni maji. Baada ya muda mfupi njaa hurudi, na kama yuko darasani macho huanza kusinzia. Mwalimu humwita mvivu, kumbe anachokosa ni mlo.

Mtu ataweza kusema: uji na uongezwe unga. Lakini unga ukizidi, wanga huvimba kwa maji moto na uji hugeuka kuwa mzito kama ugali, na mtoto mdogo hushindwa kuumeza. Hapo ndipo akina mama wengi hurudi kwenye maji.

Dawa ya tatizo hili ilikuwa mikononi mwa mabibi tangu zamani, nayo ni kimea. Punje ya ulezi au mtama inapoota, hutengeneza kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho hukata minyororo mirefu ya wanga kuwa vipande vifupi. Ndicho kifanyacho kazi katika togwa na katika pombe za kienyeji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa mwaka 1973, waliuchunguza unga wa kimea kwa ajili ya chakula cha watoto. Walionyesha kwamba kiasi kidogo cha unga huo, kikikorogwa katika uji mzito ulioepuliwa na kupoa kidogo, huulainisha kwa dakika chache bila kuongeza hata tone la maji. Kwa njia hiyo kikombe kile kile huweza kubeba unga maradufu, yaani gramu 50, na kilokalori 180. Kikiongezwa kijiko kikubwa cha karanga zilizosagwa, hufika kilokalori zipatazo 270. Kikombe ni kile kile na tumbo ni lile lile, lakini chakula kimekuwa mara tatu.

Yapo masharti mawili. Uji ukisha kulainika urudishwe motoni uchemke kidogo, ili kuua vijidudu vilivyomo katika kimea. Tena kimea cha ulezi ndicho bora kwa nyumbani, kwa sababu machipukizi ya mtama huwa na sumu, na hapana budi yaondolewe yote pamoja na mizizi yake kabla ya kusaga.

Mchanganyiko ndio siri

Nguvu peke yake haitoshi. Protini ya mahindi ina upungufu wa lisini, mojawapo ya asidi-amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Kunde, choroko na mbaazi zina lisini nyingi, lakini zina upungufu wa methionini, ambayo mahindi hayana uhaba nayo mkubwa. Vikiliwa pamoja, kila kimoja huziba pengo la mwenzake. Wazee waliobuni makande, na watu wa pwani waliobuni mseto wa mchele na choroko, hawakuzijua asidi-amino kwa majina, lakini walichokitia chunguni ndicho kinachotajwa leo katika vitabu vya lishe.

Katika miaka ya 1970 wanafunzi walifundishwa makundi matatu ya chakula: cha kujenga mwili, cha kutia nguvu na cha kulinda mwili. Siku hizi washauri wa lishe huhesabu makundi sita: nafaka pamoja na mizizi na ndizi, jamii ya kunde, vyakula vya asili ya wanyama, mboga, matunda, na mafuta. Hesabu imebadilika, lakini fundisho halikubadilika: mlo wa kitu kimoja si mlo kamili, hata ungekuwa mwingi namna gani.

Kwa mazao ya Miono na jirani zake, mlo wa mchana wa mtoto unaweza kubadilishwa kila siku bila kununua kitu cha kigeni. Siku ya kwanza, makande ya mahindi yaliyokobolewa na kunde zilizolowekwa usiku kucha, yakapondwa kidogo na kuungwa kwa karanga zilizosagwa. Kuloweka kunde huokoa kuni na hurahisisha kumeng'enywa kwake. Siku ya pili, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, viitwavyo viazi lishe, vilivyopondwa pamoja na dagaa waliooshwa mchanga, wakakaushwa na kusagwa. Viazi hivyo vina kianzio cha vitamini A, kitu ambacho viazi vyeupe havina kwa kiasi cha maana. Robert Mwanga wa Uganda alikuwa miongoni mwa wanasayansi wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, yeye na wawili wengine kwa kazi juu ya viazi hivyo. Dagaa, kwa kuwa huliwa na mifupa yake, humpa mtoto madini ya chokaa.

Siku ya tatu, kisamvu kilichotwangwa vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu bila kufunikwa, ili sumu ya muhogo itoke, kisha kikaungwa kwa tui la nazi au karanga, na ugali laini. Mafuta ya tui si anasa hapo, kwa maana vitamini A ya majani haifyonzwi vema pasipo mafuta. Siku ya nne, mseto wa mchele na choroko pamoja na boga. Siku ya tano, bagia za kunde, zilizochanganywa na majani ya mchicha yaliyokatwa madogo madogo, na kiazi cha kuchemsha. Bagia hupendwa na watoto, hushikika kwa mkono, na kwa kuwa zimekaangwa hubeba nguvu nyingi katika kipande kidogo.

Kila mlo ufuatwe na tunda: embe, papai, pera au chungwa. Vitamini C iliyomo katika matunda hayo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya mboga na kunde. Chai ya rangi, ambayo watoto wengi hupewa pamoja na chakula, hufanya kinyume chake: huzuia madini hayo. Jambo hili si dogo katika nchi ambayo zaidi ya nusu ya watoto wa umri chini ya miaka 5 wana upungufu wa damu.

Kwa mtoto abebaye chakula kwenda shule, joto la pwani ni adui. Uji na vyakula vya nazi vilivyopikwa alfajiri huweza kuharibika kabla ya saa saba mchana. Afadhali abebe viazi vya kuchemsha, yai lililochemshwa lisilomenywa, na tunda lenye ganda lake. Karanga nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka 5, kwani zaweza kumpalia, zisagwe. Tena karanga au mahindi yaliyoota ukungu yasitumike kabisa. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwamo katika mahindi, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika.

Mchango wa mahindi ni nusu ya mlo

Ada zimeondolewa katika shule za msingi na sekondari za serikali, lakini chakula cha shuleni hutegemea sana michango ya wazazi. Katika shule nyingi za vijijini mchango huo hupimwa kwa mahindi, na pengine fedha kidogo za kumlipa mpishi. Hapa ndipo penye kasoro inayoweza kurekebishwa bila kungoja msaada wo wote. Kamati inayodai mahindi peke yake imeamua, bila kujua, kwamba watoto watakula nusu ya mlo. Na iwe kanuni: kwa kila debe mbili za mahindi, itolewe debe moja ya kunde, choroko au mbaazi. Asiye na kunde alete karanga; mwenye ng'ombe alete maziwa, nayo yachemshwe. Tena watoto wa darasa la awali wasipakuliwe kutoka sufuria moja na wakubwa pasipo chakula chao kulainishwa na kuongezewa mafuta.

Watakuwapo watakaosema kwamba akina mama hawana wasaa, kwani wakati wa kulima hutoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza. Hoja hiyo ni ya haki, na ndiyo sababu kazi hii haiwezi kuachiwa mama peke yake. Mkoani Iringa, katika mpango wa lishe ulioendeshwa na serikali kwa msaada wa mashirika ya Umoja wa Mataifa kuanzia mwaka 1983, vijiji 168 vya kwanza vilipima uzito wa watoto, vikajadili matokeo katika mikutano yao, na vikaanzisha mahali pa kulishia watoto mchana wakati wazazi wako kazini. Ilipofika mwaka 1988 utapiamlo mkali katika vijiji hivyo ulikuwa umeshuka kutoka zaidi ya asilimia 6 hadi chini ya asilimia 2. Vijiji hivyo havikuwa na utajiri. Vilikuwa na utaratibu.

Taifa zima nalo limesogea. Mwaka 1992 karibu nusu ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa; mwaka 2022 walikuwa asilimia 30. Hata hivyo, watoto 30 katika kila 100 bado ni wengi mno. Ni kweli kwamba udumavu mwingi huanza kabla ya mtoto kutimiza miaka 2, lakini mlo wa mchana wa miaka inayofuata ndio unaoamua kama atakuwa na damu ya kutosha na akili iliyo macho anaposoma herufi zake za kwanza.

Kazi kwa shule za sekondari

Wanafunzi wa sekondari wanaweza kulithibitisha jambo hili wao wenyewe. Upikwe uji mzito, ugawanywe katika bakuli tatu zilizo sawa. Ukiwa umepoa kiasi cha kushikika, la kwanza litiwe kijiko cha unga wa kimea. La pili litiwe kimea kilichokwisha kuchemshwa katika maji. La tatu liachwe lilivyo. Yakorogwe, na baada ya dakika kumi yapimwe kwa muda ambao uji huchukua kutiririka kutoka katika kijiko. Bakuli la kwanza tu ndilo litakalolainika, kwa kuwa kuchemsha huharibu kimeng'enya. Tone la iodini litaonyesha pia jinsi rangi ya buluu ya wanga inavyofifia kadiri muda unavyopita. Uji wa jaribio usinywewe.

Wakisha kuona, matokeo hayo yasibaki daftarini. Mwanafunzi mmoja akimwonyesha mama yake jikoni, na mwalimu mmoja akisimama katika mkutano wa kijiji kutetea lile debe moja la kunde, kazi itakuwa imeanza. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na malezi ya mtoto mdogo, kila siku saa saba mchana, yamo ndani ya bakuli lake.