Mishahara Yetu Inahesabiwa, Sisi Hatuhesabiwi



Katika mkutano wetu wa mwisho wa jumuiya, baada ya kumaliza habari za michango ya msiba na hesabu za ukumbi, mzee wetu mmoja alisimama akauliza swali ambalo halikuwa kwenye ajenda: "Hivi nani humu ndani amewahi kusomeshwa na kazi yake hapa Uingereza?" Tulikuwa watu arobaini na kitu. Mikono mitatu ikanyooshwa. Wa tatu akaushusha, maana alikumbuka kwamba kozi yake ya kunyanyua wagonjwa alikatwa kwenye mshahara. Watu wakacheka, kikao kikafungwa, tukala pilau tukatawanyika.

Sisi tunaoandika safu hii hatukucheka sana. Wengi waliokuwa mle ndani wamefanya kazi nchi hii miaka kumi, kumi na tano, wengine zaidi ya ishirini. Wamebeba maboksi, wamesafisha maofisi, wamelinda milango ya maduka, wamewaogesha wazee wa watu usiku kucha. Katika miaka hiyohiyo serikali za nchi hii, za chama hiki na kile, hazikuacha kutangaza kwamba zinamwaga fedha ili mfanyakazi wa kawaida apate ujuzi. Fedha kweli zilimwagwa, na swali letu ni zilimwagikia wapi.

Tuanze na historia, maana wengine tulikuwepo tukaona. Mwaka 2000 serikali ilianzisha akaunti za masomo za mtu binafsi. Kila mtu mzima aliweza kufunguliwa akaunti, na serikali ikachangia ada ya kozi. Watu zaidi ya milioni mbili na nusu walijiandikisha. Lakini yeyote aliyejiita mwalimu aliruhusiwa kudai fedha bila kukaguliwa sawasawa, matapeli wakaingia, wengine wakaajiri watu wa kugonga milango na kukusanya majina. Novemba 2001 mpango ukafungwa. Mwaka uliofuata wakaguzi wa hesabu za taifa walikadiria kuwa udanganyifu na kasoro zingeweza kufikia paundi milioni 97.

Hapo serikali ikajifunza somo, ila ilijifunza somo baya. Badala ya kusema "tutawakagua walimu", ikasema "tutampa mwajiri". Mwaka 2006 ukaja mpango ulioitwa Train to Gain, ambao ulimlipia mwajiri gharama za kuwapa vyeti wafanyakazi wasio na vyeti. Ulipofika 2009 wakaguzi walewale wakatoa ripoti: nusu ya waajiri waliofaidika walisema kwamba hata bila fedha ya serikali wangepanga mafunzo kama hayo. Maana yake ni kwamba umma ulimlipia bosi kitu alichokwisha kuamua kukilipia mwenyewe. Mwaka 2010 serikali mpya ikauondoa.

Kisha Aprili 2017 ikaja tozo ya uanagenzi, na hii ndiyo tunayotaka mtutegee sikio. Kila mwajiri ambaye jumla ya mishahara anayolipa inazidi paundi milioni 3 kwa mwaka hutozwa nusu ya asilimia moja. Huku England fedha hizo huingia kwenye akaunti ambayo mwajiri huchota kulipia mafunzo ya wanagenzi wake, na asipozitumia ndani ya muda uliowekwa hupotea mkononi mwake. Tozo hii hukusanya zaidi ya paundi bilioni 3 kila mwaka.

Sasa, mishahara hiyo ni ya nani? Ni yetu. Mhudumu wa usiku katika nyumba ya wazee, mfagizi wa hospitali, mpanga mizigo wa ghala, wote mishahara yao imo katika ile hesabu. Kuna watakaosema, "Tozo analipa mwajiri, basi na aamue yeye nani asome." Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama mwajiri angetoa mfukoni mwake. Lakini mwaka 2015, kabla tozo haijaanza, chombo huru kinachokadiria hesabu za bajeti ya nchi hii kilikadiria kuwa sehemu kubwa ya mzigo ingeishia kwenye mishahara, yaani wafanyakazi wangeongezwa kidogo kuliko ambavyo wangeongezwa bila tozo. Na wenzetu wanaolipwa kupitia zile kampuni za mwavuli hawahitaji mtaalamu wa kuwaambia. Mara nyingi tozo imeandikwa kwenye karatasi ya mshahara, ikiwa imepunguzwa kwenye malipo ya kazi kabla mshahara wenyewe haujapigwa hesabu. Nenda kaitoe karatasi yako kabatini uitazame.

Hebu tuone nani anasoma kwa fedha hizo. Kabla ya tozo, zaidi ya nusu ya waliokuwa wakianza uanagenzi England walianza ngazi ya pili, ngazi ya mtu anayeanza. Miaka ya karibuni wamebaki kama mmoja katika watano. Waliopanda ni wa ngazi za juu, zenye hadhi ya shahada. Mwajiri akiwa na fedha zitakazopotea asipozitumia, na kozi za mameneja zikiwa ghali na rahisi kupanga, atampeleka nani? Kwa miaka kadhaa watu waliokuwa tayari na vyeo na shahada walisomeshwa uongozi kwa fedha ya uanagenzi. Ilipofika Januari 2026 ndipo mlango wa ngazi ya saba ulipofungwa kwa wengi waliozidi umri wa miaka 21. Tunashukuru, lakini ilichukua karibu miaka tisa.

Na sisi tulizuiliwa wapi? Tutataja milango mitatu.

Wa kwanza ni wakala. Wengi wetu tumeajiriwa na wakala, leo hapa kesho kule. Wakala mkubwa hulipa tozo kwa mishahara yetu, lakini uanagenzi ulitaka mtu awe kwenye mafunzo si chini ya miezi 12, na kazi za wakala ni za wiki na miezi. Mawakala wenyewe wamelalamika miaka yote kwamba wanalipa fedha wasizoweza kuzitumia. Agosti 2025 muda huo ulishushwa hadi miezi 8. Nani kati yetu ana uhakika wa wakala kwa miezi 8? Hata ile haki ya mfanyakazi kuomba muda wa kusoma, iliyoanza Aprili 2010 katika kampuni zenye wafanyakazi 250 na zaidi, inawaacha nje wafanyakazi wa wakala. Na anayeihesabika nayo anapata haki ya kuomba tu. Mwajiri si lazima akubali, na akikubali si lazima alipe saa hizo.

Mlango wa pili ni makaratasi. Ili fedha hizi zikulipie, kwa kawaida unatakiwa uwe umeishi nchini miaka mitatu kamili, isipokuwa makundi machache wakiwemo waliopewa hadhi ya ukimbizi. Ndugu zetu walioletwa kwa viza za kutunza wazee kuanzia 2022 walianza kukatwa kodi mwezi wa kwanza wa kazi. Mishahara yao ikaingia kwenye hesabu ya tozo siku hiyohiyo. Mafunzo wasubiri miaka mitatu.

Mlango wa tatu ndio mgumu kuliko yote, nao ni saa. Ruzuku hizi kwa sehemu kubwa zimelipia mwalimu, mtihani na cheti. Tozo haimlipii mwajiri pengo linalobaki kwenye rota pale mhudumu anapokwenda darasani. Sheria inasema mwanagenzi asome ndani ya saa zake za kazi za kulipwa. Sasa meneja ambaye usiku ana wahudumu wawili kwa wazee thelathini atamtoa nani? Hamtoi mtu. Anampa mafunzo yale ya kubonyeza kwenye kompyuta, ayafanye nyumbani. Dada yetu mmoja alitueleza anavyoyafanya: kwenye basi saa mbili asubuhi akitoka shifti, simu mkononi, macho yanafumba, anabonyeza majibu hadi ukurasa unapogeuka kijani. Somo lilikuwa namna ya kumtambua mzee anayekaukiwa maji mwilini. Akikosa kumtambua usiku unaofuata, lawama itakuwa yake, kwa sababu kumbukumbu zinaonyesha amefundishwa.

Huo ndio uchungu wetu. Ujuzi katika kazi hizi ni uhai wa mtu, na familia za wazee hawa zinaamini kwamba anayemlisha mama yao amefundishwa. Anayenyimwa somo si sisi peke yetu.

Hatutaki mtu aseme kwamba tunalaumu tu wenyeji. Huko tulikotoka mambo si tofauti. Tanzania Bara waajiri hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo Julai 2023 iliwekwa kuwa asilimia 3.5 ya mishahara. Kenya hulipa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi. Muulize mdogo wako anayefanya kazi Kariakoo au Industrial Area kama amewahi kuona darasa lililotokana na fedha hizo. Kote mfanyakazi ndiye anayehesabiwa fedha zinapokusanywa, na zinapogawanywa haonekani.

Wala sisi wenyewe hatuna usafi wa kujivunia. Tupo tuliotoka na shahada ya Mlimani au Makerere na tukaona kozi ya ngazi ya pili ni kudharauliwa, tukabaki na shahada sandukuni na mopu mkononi. Tupo tunaochagua shifti ya ziada kila Jumamosi kwa sababu nyumbani wanasubiri, na shule ya watoto wa kaka haingoji. Wengine tuliogopa mtihani wa Kiingereza na hesabu, hatujui kwamba Februari 2025 sharti hilo lililegezwa kwa wenye miaka 19 na zaidi, likaachiwa makubaliano na mwajiri. Tupo pia tunaotia sahihi mikataba bila kuisoma, kisha tukitaka kuhama tunadaiwa "gharama za mafunzo". Kama mafunzo hayo ni ya uanagenzi uliolipiwa kwa fedha ya tozo, jueni kwamba kanuni za fedha hizo zinakataza mwanagenzi kutozwa, hata akiacha kazi. Waswahili walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwenye meza hii hatujakaa.

Tunataka nini basi? Kwanza, ruzuku ilipie saa kabla ya kulipia cheti. Nyumba ya wazee inayompeleka mhudumu darasani siku moja kwa wiki ilipwe gharama ya mtu wa kushika nafasi yake siku hiyo, na isipompeleka isipate kitu. Pili, tozo inayotokana na mishahara ya wafanyakazi wa wakala iwekwe kwenye mfuko wa peke yake, mfanyakazi aitumie popote alipo, akihama ihame naye. Tatu, atakayeanza kuhesabiwa kwenye tozo aanze siku hiyohiyo kustahili mafunzo yake.

Tutaambiwa, "Mliwahi kupewa akaunti mkononi mwaka 2000, zikaibiwa." Zilizoibiwa ziliibiwa na waliojifanya walimu, si wafanyakazi. Tena ulikuwepo mpango ambao wafanyakazi waliuongoza wenyewe: mfuko wa masomo wa vyama vya wafanyakazi, ulioanza 1998. Wawakilishi wa masomo walikuwa makazini, walimjua mwenzao asiyesoma vizuri na walimshika mkono bila kumwaibisha. Serikali iliukatia fedha England mwaka 2021. Ulikuwa ukigharimu takriban paundi milioni 12 kwa mwaka, wakati tozo ilikuwa inahesabiwa kwa mabilioni. Mpango uliokuwa mikononi mwetu ndio ulioonekana ghali.

Kwa hiyo mkutano ujao tunaomba jambo hili liwe kwenye ajenda, tena juu, kabla ya hesabu za ukumbi. Kila mmoja aje na karatasi yake ya mshahara na mkataba wake. Wenye vyama vya wafanyakazi waje na kadi, wasio navyo waje kusikiliza. Tutaandika barua moja kwa wabunge wetu, yenye majina yetu na kazi zetu. Na yule mzee aliyeuliza swali tunamwomba aliulize tena, safari hii tukiwa hatujapakua pilau.