Mtoto Aulize, Apime, Ndipo Aamini

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Hata hivyo, katika madarasa mengi ya msingi humu nchini, mtoto aulizaye sana huonekana mtundu, na yule akaririye jibu la kitabuni ndiye apongezwaye. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019 katika madarasa ya chini, ulikusudia kuigeuza hali hiyo, na mtihani wa KCPE ukafanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Lakini kuondoa mtihani si kuondoa mazoea.

Tuchukue mfano wa maharagwe, jaribio linalofahamika na kila mwalimu. Wanafunzi hupanda mbegu katika mikebe miwili yenye pamba iliyoloweshwa. Mmoja huwekwa dirishani, mwingine ndani ya kabati lenye giza. Mambo mengine yote, yaani maji, idadi ya mbegu na aina yake, sharti yalingane, la sivyo hatutajua kilicholeta tofauti. Watoto wengi hutabiri kuwa mbegu ya gizani haitaota. Baada ya siku kadhaa huikuta imeota, tena mara nyingi mche wake ni mrefu kuliko ule wa dirishani, ila umepauka na ni dhaifu. Mbegu hiyo haikuhitaji mwanga ili iote. Ilihitaji maji, hewa na joto la kadiri, na chakula ilikuwa nacho ndani yake. Mwanga huhitajika baadaye, mche unapoanza kujitengenezea chakula.

Hapa ndipo penye mtihani wa kweli, nao ni wa mwalimu. Akisema, "Umekosea, rudia," mtoto atajifunza kuyapinda matokeo yalingane na matarajio ya wakubwa. Akiuliza, "Unadhani ni kwa nini imekuwa hivyo?" amemlea mtafiti.

Kwa maoni yangu, alama zisitolewe kwa mche mzuri, kwani huo waweza kupandwa na mzazi nyumbani. Zitolewe kwa daftari: mtoto alitabiri nini, alipima vipi kila siku, na alibadili wazo lake kwa sababu gani. Wala kisingizio cha ukosefu wa maabara hakina mashiko. Mkebe, pamba na rula vyatosha.

Mtoto aliyezoea kudai ushahidi kwa mbegu ya haragwe hatadanganyika kwa urahisi ukubwani, awe mbele ya muuza dawa za kubabaisha au ya mwanasiasa jukwaani. Samaki mkunje angali mbichi.