Kabla ya kulipia hiyo Vitz, uliza ina nyota ngapi

Umejinyima miaka 3. Chama kimekupa zamu yako, sacco imekuongezea mkopo, na Jumamosi hii unaenda yadi na rafiki yako anayejifanya fundi. Tunajua utakachouliza. Inakunywa mafuta kiasi gani? Spea zinapatikana? Bei ya mwisho? Halafu utapiga selfi ukiwa umeshika usukani, na kufikia jioni kila mtu kuanzia Kondele hadi Nyamasaria atakuwa amejua kwamba umeaga tuktuk.

Swali ambalo halitaulizwa ni hili: hiki kigari kikigongana na kitu, nitatoka mzima?

Jibu lipo, na mara nyingi ni la bure. Japani, ambako Vitz, Demio, Fit na Note zetu nyingi zinatoka, imekuwa ikiyapima magari yake kwa kuyagongesha na kuchapisha matokeo tangu 1995. Ulaya ilianza 1997. Kipimo kinachojulikana zaidi ni rahisi kueleza: gari linavurutwa kwa kasi ya kilomita 64 kwa saa hadi kwenye kizuizi kinachobonyea, likigonga kwa asilimia 40 tu ya upana wa mbele, upande wa dereva. Ndani kuna wanasesere wenye vipima-nguvu kichwani, shingoni, kifuani na miguuni. Kile kilichowapata ndicho kinachogeuzwa nyota, kutoka 0 hadi 5.

Usidhani basi kwamba jipya lazima lishinde mtumba. Mwaka 2018 shirika la Global NCAP lilipima pikapu ya Nissan NP300 Hardbody iliyokuwa ikiuzwa mpya Afrika. Ilipata nyota 0. Mwaka 2020 wakachukua nyingine mpya wakaigonganisha uso kwa uso na Navara iliyotumika Ulaya, ya 2015. Aliyekuwa kwenye mtumba angeweza kutembea. Aliyekuwa kwenye mpya, pengine angebebwa. Kampuni moja, bara tofauti, mwili tofauti wa binadamu, sijui ndivyo walivyofikiria.

Na jina la gari halitoshi. Suzuki S-Presso ya India ilipata 0 mwaka 2020, ile iliyouzwa Afrika Kusini ikapata 3 mwaka 2022. Alto 800 ya India isiyo na mfuko wa hewa ilipata 0 mwaka 2014, ila huwezi kuchukua matokeo hayo ukayabandika kwenye kila Alto unayoiona. Nyota pia huchacha: Fiat Punto ilipewa 5 mwaka 2005, na ilipopimwa tena Ulaya 2017 ikapata 0, kwa sababu vigezo vilikuwa vimepanda na gari likabaki palepale. Kwa hivyo muuzaji akikwambia "hii ni five star," mwulize: mwaka gani, na toleo la nchi gani?

Sasa tufike nyumbani. Nyota zile zilipatikana kwa kilomita 64, mkanda ukiwa umefungwa. Wewe barabara ya Busia unaikata ukiwa 90, na nguvu ya mgongano kwa 90 ni karibu mara mbili ya ile ya 64. Mbele yako kuna lori la miwa la kutoka Muhoroni, ambalo halibonyei kama kile kizuizi cha maabara. Nyota 5 kwenye kigari cha kilo 1,000 hazikugeuzi kuwa trela.

Kuna jambo linalotuuma zaidi sisi wa ziwani. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, iliyowekwa kwenye mamilioni ya magari duniani, yakiwemo baadhi ya Vitz na Fit za miaka ya 2000, ina kemikali inayoharibika kwa joto na unyevu. Ikilipuka vibaya, inarusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Joto na unyevu! Hiyo ni Kisumu, Homa Bay, Mbita, mwaka mzima. Watengenezaji waliyaita magari hayo yarudi kurekebishwa, lakini gari lililokwisha kupanda meli kuja Mombasa nani alilifuata? Chukua namba ya chesisi, iingize kwenye tovuti ya mtengenezaji, na ikiwa imo, usilipe hata shilingi kabla mfuko huo haujabadilishwa.

Serikali nayo ina lake. KEBS inauliza gari lina umri gani, lisizidi miaka 8, na usukani uko kulia. Vizuri. Lakini Marekani gari jipya haliuzwi bila nyota zake kubandikwa dirishani, kwa sheria. Nasi tunaweza kuilazimisha kila yadi iandike kwenye kioo, kando ya bei: limepimwa wapi, lini, likapata ngapi, na kama halijapimwa, iandikwe hivyo. Karatasi moja na selotepu. Mwaka 2024 zaidi ya watu 4,700 walifariki kwenye barabara za Kenya. Wengi walikuwa wapita njia na watu wa bodaboda, hilo hatulisahau, na kwao nyota za ndani ya gari hazisaidii sana. Lakini hiyo si sababu ya kumwacha anayenunua gari anunue gizani.

Na kama hununui, bado unapanda. Kila Ijumaa jioni unaitisha teksi ya simu pale Kondele, kigari kilekile. Kava za viti zimeshonwa vizuri, zina nembo ya Gor Mahia, na chini yake vishikizo vya mikanda ya nyuma vimezikwa kabisa. Dereva naye amechomeka kile kichuma cha kunyamazisha kengele. Tia mkono chini ya kava, uvute hicho kishikizo. Akikuuliza "buda, unaogopa nini?" mwambie akuvutie upande wake, maana huku kwako umekwama.