Masafa Yaliyolala: Barua kutoka Marekani

Kwa ndugu walioko Tanzania, Kenya, Rwanda na nchi jirani,

Barua hii inaandikwa kutoka nchi ambayo watu wengi wa nyumbani huiona kuwa kielelezo katika mambo ya mawasiliano, na inakusudia kueleza jambo ambalo matangazo ya kampuni za simu hayalitaji: kwamba hapa Marekani masafa mengi ya redio yamewahi kukaa miaka mingi mikononi mwa wenye leseni bila kutumika, huku wakazi wa mashambani wakilipia huduma ambayo haishiki mara wanapoiacha barabara kuu. Masafa ya redio ni mawimbi yanayopeleka sauti, picha na data hewani, nayo hupimwa kwa megahezi, yaani mizunguko milioni moja kwa sekunde. Masafa ya chini, kama yale ya megahezi 600 au 700, husafiri mbali na kupenya kuta, kwa hiyo mnara mmoja huweza kuhudumia vijiji kadhaa. Yale ya juu, kama ya megahezi 3,500, hubeba data nyingi zaidi lakini hufifia baada ya mwendo mfupi. Kwa kuwa mitambo miwili ikitumia masafa yale yale mahali pamoja huingiliana, serikali ndiyo inayoyagawa, na anayepewa leseni hupata pamoja nayo uwezo wa kumzuia kila mtu mwingine asiyaguse. Malalamiko ya barua hii yanahusu uwezo huo wa kuzuia, pale unapobaki mikononi mwa mtu asiyejenga chochote.

Marekani ilianza kunadi masafa mwaka 1994, chini ya Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, FCC. Nadharia yake ilikuwa imetangulia kwa miaka mingi, kwani mwanauchumi Ronald Coase aliandika mwaka 1959 kwamba masafa yagawanywe kwa bei badala ya hiari ya maofisa, ili yamfikie yule atakayeyatumia kwa faida kubwa zaidi. Hoja hiyo ina nguvu, na mnada kwa kweli umepunguza upendeleo. Lakini kitu kilicho adimu kinaweza kumfaidisha mwenyewe kwa kukaa tu, mradi bei yake inapanda, na hapo ndipo mnada peke yake unaposhindwa.

Kisa cha kampuni ya NextWave kinastahili kusomwa na kila anayetunga masharti ya leseni. Mwaka 1996 kampuni hiyo ilishinda leseni 63, zikiwemo za jiji la New York, kwa ahadi ya kulipa takriban dola bilioni 4.7, katika mnada uliotengwa kwa ajili ya kampuni ndogo ambao uliruhusu malipo ya awamu. Ilitanguliza karibu dola milioni 500, thamani ya leseni ikashuka sokoni, na mwaka 1998 ikakimbilia ulinzi wa mahakama ya ufilisi. FCC ikazifuta leseni hizo na kuzinadi upya pamoja na nyingine, na mnada huo wa pili, uliomalizika Januari 2001, ukavuta ahadi za karibu dola bilioni 17. Hata hivyo, Januari 2003 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji wanane dhidi ya mmoja, kwamba sheria ya ufilisi hairuhusu serikali kumnyang'anya mfilisi leseni kwa sababu tu hajalipa deni. NextWave ikabaki na masafa yake, kisha ikayauza kwa kampuni kubwa kwa mabilioni ya dola. Miaka yote hiyo, masafa hayo yalikuwa kimya kwa sehemu kubwa, na hakuna mahakama iliyoulizwa hasara ya mtumiaji ilikuwa kiasi gani.

Kisa cha pili ni cha juzi. Kuanzia mwaka 2008 kampuni ya televisheni ya setilaiti, Dish Network, chini ya Charlie Ergen, ilikusanya masafa kwa kununua kampuni zilizofilisika na kwa kushiriki minada. Mwaka 2014 ilitoa takriban dola bilioni 1.56 kwa fungu moja, na mwaka 2017 dola bilioni 6.2 kwa masafa ya megahezi 600, yale yanayofika mbali, wakati haikuwa na mteja hata mmoja wa simu za mkononi. Mwaka 2019, serikali ilipokuwa ikiandaa ruhusa ya kampuni ya simu ya T-Mobile kuungana na mwenzake Sprint, Dish iliahidi kujenga mtandao wa nne wa taifa na kuwafikishia asilimia 70 ya wananchi huduma ya 5G ifikapo Juni 2023. Haki isemwe: ilijenga minara, na kiwango hicho ilikifikia. Masharti yaliyobaki yalisogezwa mbele mwaka 2024, na mwaka uliofuata FCC ilipoanza kuchunguza utekelezaji wake, kampuni mama ya Dish, EchoStar, ilitangaza mwezi Agosti kuiuzia AT&T sehemu ya masafa kwa takriban dola bilioni 23, na mwezi Septemba kuiuzia SpaceX sehemu nyingine kwa takriban dola bilioni 17. Mtandao wa nne ulioahidiwa ukarudi kuwa mpangaji katika mitambo ya wengine.

Huenda msomaji akauliza jinsi kampuni inavyoweza kutimiza asilimia 70 na bado maeneo makubwa yakabaki bila huduma. Jibu limo katika kipimo chenyewe, kwani asilimia hiyo ni ya watu na si ya ardhi: mhandisi huchora katika ramani eneo ambalo mawimbi ya kila mnara yanatarajiwa kufika, huhesabu wakazi wa eneo hilo kwa takwimu za sensa, na kwa kuwa watu wamesongamana mijini, miji ikishajaa minara hesabu huwa imetimia kabla fundi hajakanyaga kijijini.

FCC yenyewe ililijua hilo. Katika mnada wa masafa ya megahezi 700 wa mwaka 2008, baadhi ya mafungu yaliwekewa kipimo cha ardhi, yaani asilimia 35 ya eneo la leseni ndani ya miaka minne na asilimia 70 kufikia mwisho wa muda wake, pamoja na kanuni kwamba asiyetimiza atabaki na sehemu anayoitumia tu na nyingine itarudi serikalini. Ilikuwa kanuni nzuri kuliko zote zilizowahi kuandikwa hapa, na ilikwamishwa na kitu kidogo sana ndani ya simu. Kila simu ina kifaa cha redio kinachosikia mikanda fulani tu ya masafa, na simu za kampuni kubwa zilitengenezwa kusikia mkanda wa 17, ambao haukujumuisha fungu la A lililokuwa mikononi mwa kampuni nyingi ndogo. Watengenezaji hawakuona sababu ya kuunda simu za mkanda wa 12, uliojumuisha fungu hilo, kwa ajili ya wateja wachache, kwa hiyo aliyekuwa na leseni na mnara hakuwa na simu ya kumuuzia mteja. Maafikiano ya kuondoa kizuizi hicho yalipatikana Septemba 2013, na tarehe za mwisho zikasogezwa. Wanaoletewa simu za mkononi na jamaa walioko huku wanalijua tatizo hilo kwa upande mwingine, pale simu ya bei kubwa inapokosa mkanda wa nyumbani na kurudi kwenye 3G.

Si kila masafa yaliyokaa kimya yamefichwa na mfanyabiashara. Machi 2023 Bunge la Marekani liliacha mamlaka ya FCC ya kunadi masafa yaishe muda wake, na leseni za megahezi 2,500 ambazo T-Mobile ilikuwa imezishinda mwaka 2022 zikakwama hadi sheria maalumu ilipopitishwa Desemba 2023. Inafaa kukumbuka pia kwamba kampuni hiyo hiyo, ilipoungana na Sprint mwaka 2020, ilifungwa na sharti la kuwafikia asilimia 85 ya wakazi wa vijijini kwa 5G ndani ya miaka mitatu, na masafa ambayo Sprint ilikuwa nayo kwa miaka bila kuyatandaza nje ya miji yakaanza kuwashwa kwa kasi. Masafa hayakubadilika, kilichobadilika ni mtaji na sharti lenye tarehe.

Nyumbani, msingi wa kudai sharti la namna hiyo upo tayari katika sheria nyingine. Sheria ya Ardhi ya Tanzania, Na. 4 ya mwaka 1999, inaiweka ardhi yote kuwa mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na anayepewa hati hupewa pamoja na masharti ya uendelezaji, ambayo akiyavunja milki yake inaweza kubatilishwa. Masafa ni mali ya umma kama kiwanja, tena hayaozi wala hayapungui yakitumiwa, kwa hiyo hakuna sababu ya mwenye leseni kuvumiliwa kuliko mwenye kiwanja. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliendesha minada ya masafa mwaka 2018 na Oktoba 2022, na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umekuwa ukitoa ruzuku ya minara katika kata zisizo na mvuto wa kibiashara. Mambo hayo mawili yanapaswa kusomwa pamoja, kwa maana si haki umma ulipie mnara katika kata ambayo masafa yake yamekwishauzwa na mwenyewe hana tarehe ya kuyawasha.

Kwa walioko ughaibuni, suala hili si la nadharia. Fedha zinazotumwa kutoka Minneapolis au Houston hufika katika simu ya mzazi kwa sekunde chache, lakini pale ambapo mtandao haushiki, mzazi huyo hupanda bodaboda hadi mlimani ili asome ujumbe, kisha hushuka kumtafuta wakala. Na wapo waliokwisha kuonyesha kwamba masafa yaliyolala yanaweza kuamshwa na watu wadogo: karibu na Nanyuki, mradi wa Mawingu ulianza mwaka 2013 kupeleka intaneti kwa kutumia nafasi tupu zilizo kati ya masafa ya televisheni, na Kondoa, mkoani Dodoma, mtandao wa jamii umejaribu njia hiyo hiyo. Rwanda inatoa onyo la aina nyingine, kwani haki ya pekee ya 4G iliyopewa kampuni moja ilieneza mawimbi karibu nchi nzima ila ikawazuia watoa huduma wenye wateja kujenga mitandao yao ya 4G, hadi serikali ilipoifuta na MTN Rwanda ikaanza kutoa 4G yake mwaka 2023.

TCRA na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya huita maoni ya wadau kabla ya kubadili kanuni, na wito huo mara nyingi hujibiwa na kampuni zenyewe na mawakili wao. Wabunge, madiwani na vyama vya watumiaji wangeweza kuandika mambo matatu: kipimo cha ujenzi kihesabiwe kwa kata au wadi, masafa yasiyowashwa katika kata fulani baada ya tarehe iliyotajwa yaruhusiwe kwa mtandao wa jamii au kampuni ndogo hadi mwenye leseni atakapofika na mitambo, na leseni itamke wazi kwamba si mali ya kugawiwa wadai kampuni inapofilisika. La nne, ambalo Marekani imelifanya vizuri, ni daftari la leseni lililo wazi kwenye intaneti, ambamo mkulima wa Nebraska huweza kutafuta kaunti yake na kuona nani ana masafa gani, leseni inaisha lini, na kampuni iliapa imejenga nini. Likiandikwa kwa Kiswahili na kushuka hadi ngazi ya kata, mwenyekiti wa kijiji ataweza kwenda kwenye mkutano wa hadhara akiwa na jina la kampuni na tarehe.

Wasalaam,
Ndugu walioko Marekani.